Kwa Ranchhod: siku sita na Masi

Jumanne, Mumbai

Masi amekaa juu ya sanduku lake stesheni ya Mumbai Central vilevile anavyokaa kwenye kigoda dukani kwake Tanga: mgongo wima, mkoba mapajani, hapiti mtu asimwone. Ana miaka 74. Jicho la kushoto limeshaingia ukungu, analitegemea la kulia. Wanawe wawili wako Leicester na hawakupata likizo mwezi huu wa Januari. Ndiyo maana Novemba aliniita, akanimiminia chai, akasema, "Mwanangu, nina nadhiri ya watu wawili, na mmoja keshatangulia. Nipeleke Dwarka." Dwarka ni mji wa hija wa Wahindu, huko Gujarat, magharibi mwa India.

Sikuwa na jibu zaidi ya "Haya, Masi." Siku yangu ya kwanza ya shule, mama yuko hospitali anajifungua mdogo wangu, ni huyu aliyenifunga kamba za viatu na kunipeleka hadi getini. Kwa Kigujarati masi ni mama mdogo. Mtaa mzima tunamwita hivyo, hata wazee wenzake.

Nadhiri aliiweka mama mkwe wake. Mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha, jengo lao lilikwenda, na jamaa wengi walifunga mizigo kuelekea Uingereza na Kanada. Bibi yule akamwambia Mungu wake: tukibaki na duka, nitakuja kukuona kwako. Duka likabaki. Yeye alifariki hajasafiri, na siku za mwisho alimshika mkono mkwewe, akamwachia deni.

Niseme jambo moja kabla ya treni. Kwetu tukisema "Mhindi" tunawafunga wote kamba moja: Bohora, Ismailia, Kalasinga, Mgoa. Masi ni Mhindu kwa dini, Mlohana kwa ukoo, Mtanga kwa kuzaliwa. Nilipokuwa mtoto nilisimama mbele ya duka lake na wenzangu tukiimba "Baniani mbaya, kiatu chake dawa", naye akatoka na kutugawia peremende. Hakuwahi kunikumbusha. Mimi sijasahau.

Jumatano, ndani ya treni

Saurashtra Mail huondoka Mumbai usiku, ikakata Gujarat hadi Okha, mwisho wa reli. Kulipokucha tulikuwa tumeshapita Ahmedabad. Nje mashamba ya pamba na mbarika, migunga, vumbi jeupe, na kila stesheni sauti ya muuza chai. Ndani ya behewa watu walikuwa wanasalimiana "Jai Dwarkadhish", yaani atukuzwe Bwana wa Dwarka, na mama mmoja wa kitanda cha mbele, alipojua tumetoka Afrika, alitushushia mfuko wa gathia, vitafunio vya unga wa dengu, na pilipili za kukaanga hadi nikaomba poo.

Jamnagar tulifika adhuhuri. Vijiji vinavyouzunguka mji huu ndivyo walikotoka Waoshwal wa Kenya, wakina Shah wa Nairobi, Thika na Mombasa. Hao ni wa dini ya Kijaini, si Wahindu, lakini walikimbia jambo lilelile walilolikimbia wakwe wa Masi, ambao kijiji chao kiko upande wa Khambhalia: mvua huku ni ya miezi michache tu, na ikikosa mwaka mmoja, mwaka mzima ni njaa. Bahari iko karibu, na upepo wa kaskazi unapeleka chombo moja kwa moja hadi pwani yetu. Nilitazama ile ardhi kavu dirishani nikaelewa kwa macho kitu ambacho nilikuwa nakijua kwa maneno tu.

Hapo ndipo nilipomuuliza Masi kuhusu picha. Juu ya droo ya pesa dukani kuna picha ya mungu mweusi mwenye mikono minne, taji kichwani, na kila asubuhi Masi huiwashia kijiti cha ubani kabla hajafungua mlango wa pili. Miaka yote nilidhani ni mungu wa utajiri.

"Huyo ni Ranchhod," akasema. "Krishna huyo."

Akanisimulia, sauti ikishindana na magurudumu. Krishna alikaa Mathura, mbali kaskazini. Mfalme Jarasandha wa Magadha akamshambulia mara 17, na mara zote 17 akarudishwa. Vita vya 18 vilipokaribia, Krishna aliwatazama watu wake, akaona wamechoka kuomboleza. Akawatoa wote, wake kwa watoto, akaja nao hadi ufuko huu wa magharibi, akaiomba bahari impe ardhi, akajenga mji. Maadui wakamtungia jina la kumdhalilisha: Ranchhod, *ran* ni uwanja wa vita, *chhod* ni kuacha. Aliyekimbia vita. Wapenzi wake wakalichukua jina hilohilo wakaliimba, na hadi leo Wagujarati huwapa watoto wao.

"Wengine wana miungu iliyoshinda," Masi akasema. "Sisi wa duka tuna huyu aliyehama."

Sikumjibu. Nilikuwa naiona ile picha upya, juu ya mizani na magunia ya mchele, mwaka baada ya mwaka.

Alasiri, kabla treni haijapunguza mwendo, behewa zima lilihamia madirisha ya upande mmoja. Mnara wa hekalu ulikuwa umechomoza juu ya paa za mji, na bendera ndefu imelala kwenye upepo. Masi hakuiona. Nilimgeuza uso kwa mikono miwili hadi jicho la kulia likaikuta.

Alhamisi, Dwarka

Tumelala kwenye nyumba ya mahujaji, dharamshala wanaiita, vyumba vitupu na safi, chakula ni dali, wali, chapati na samli. Hakuna nyama.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tuko kando ya mto Gomti. Ni mto mfupi, na hapa unapokutana na bahari hujaa na kupwa kama mkono wa bahari. Baridi ilikuwa ya kweli. Watu wanashuka ngazi za mawe na nguo zao, wanazama mara tatu, wanatoka wakitetemeka na kucheka. Masi aliingia hadi magotini, akateka maji kwa viganja, akayamimina polepole kuelekea jua linakotokea. Mimi nilishika sari yake kwa nyuma isimvute.

Kutoka mtoni kwenda hekaluni kuna ngazi 56. Masi alizihesabu kwa sauti, na alihesabu kwa Kiswahili, kwa sababu hesabu zake zote, tangu utoto, ni za dukani. Juu kuna Swarga Dwar, mlango wa peponi. Upande wa pili uko Moksha Dwar, mlango wa kufunguliwa na mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Jina la mji wenyewe latokana na neno hilo, *dwar*, mlango. Mtu aliyekulia pwani ya milango ya nakshi, ambayo mingi Unguja huitwa ya Kigujarati, hawezi kulipita neno hilo hivihivi.

Masi aliniuliza kama nitaingia. Nikamwambia nitamngoja mlangoni. Mimi ni Mwislamu, yeye anajua, na hakuna kati yetu aliyeona haja ya kuongeza neno. Mwanamke wa familia moja ya Rajkot akamshika mkono, wakapotea kwenye msongamano wa ibada ya kwanza ya asubuhi, ile ya kumwamsha Mungu. Maana hapa Mungu huamshwa, huvikwa, hulishwa mara kadhaa kwa siku, mchana pazia hufungwa apumzike hadi saa kumi na moja jioni, usiku hulazwa. Humhudumia kama mtu wa nyumbani anayependwa.

Nilikaa kwenye ngazi nikilitazama jengo. Ghorofa tano juu ya nguzo 72, jiwe la rangi ya mchanga lililoliwa na chumvi ya upepo, na kila shibri ina nakshi. Mji huu ni mmoja wa vituo vinne vikuu vya hija vya Wahindu, kimoja kila pembe ya nchi: Badrinath kwenye theluji ya kaskazini, Puri mashariki, Rameswaram kusini, na hapa magharibi. Palepale ndani ya ua iko pia Sharada Peeth, moja ya nyumba nne za watawa ambazo mapokeo husema zilianzishwa na mwanafalsafa Adi Shankara.

Jengo hili si la kwanza. Lililotangulia lilibomolewa mwaka 1473 na jeshi la Mahmud Begada, Sultani wa Gujarat, Mwislamu kama mimi. Nilikuwa nimelisoma hilo nyumbani, lakini kulisoma Tanga ni kitu kimoja na kukaa kwenye mawe yenyewe ni kingine. Masi alipotoka nilimwambia kilichonikaa moyoni. Akanipiga paja: "Sasa si umenileta wewe?"

Uso wake ulikuwa umelowa machozi. Nikauliza ameonaje. Wahindu hawasemi wamekwenda kusali hekaluni, husema wamekwenda *darshan*, kuona, na kuona huko kuna pande mbili: wewe unamwona Mungu, naye anakuona. Masi akasema, "Mimi nimemwona kwa jicho moja. Yeye kaniona kwa yote mawili."

Akafungua kiganja. Majani ya tulsi, ndugu wa rehani na kivumbasi chetu, harufu ileile ya vichochoro vya nyumbani.

Mchana tulikwenda kwa kuhani wa ukoo. Miji mingi ya hija ya Kihindu ina makuhani wanaotunza daftari za familia kizazi hadi kizazi. Wetu alikuwa kijana wa Kigugali, jamii ya Wabramini, yaani tabaka la makuhani, wa Dwarka. Aliuliza kijiji cha wakwe, akapanda ngazi, akashuka na daftari refu jembamba lililofungwa kwa kitambaa chekundu. Alifunua kwa robo saa. Kisha akaweka kidole. Babu wa mume wa Masi alifika hapa mwaka 1936, na chini ya jina lake ameandika kwa mkono wake, kwa Kigujarati: *Tanga, Afrika*.

Masi alisogeza daftari karibu na jicho lake zima, akasoma mara nyingi kuliko nilivyohesabu. Kisha akamsomea kijana mstari mpya: jina la mama mkwe, jina lake yeye, nadhiri ya 1971 imetimizwa. Akanyamaza kidogo, akanitazama. "Andika na huyu. Mtoto wa jirani."

Basi nimo.

Jioni tulikwenda kutazama bendera. Kitambaa chake ni cha gazi 52, yadi 52 hivi, na kwa desturi hubadilishwa mara kadhaa kwa siku, kila mara kwa gharama ya familia moja iliyongoja zamu yake kwa muda mrefu sana. Hesabu ya 52 hufafanuliwa hivi: nyota za mwezi 27, buruji 12, sayari 9, pande 4 za dunia. Watu wetu wa bahari na elimu ya falaki wangeielewa mara moja. Familia ilikuja na ngoma, kitambaa kimekunjwa kwenye kapu kichwani mwa bibi, watu wazima wanacheza barabarani kama harusini. Kisha mtu mmoja wa ukoo wa Aboti, kazi hii ni yao, akaanza kupanda mnara kwa mikono na miguu, hana kamba. Ua wote ukanyamaza. Alipofika juu bendera ya zamani ikashuka, mpya ikafunguka, yenye jua na mwezi katikati, na sauti iliyotoka kwa watu ilinisimamisha nywele.

Sijawahi kuona umati unaotazama juu kwa furaha namna hiyo.

Ijumaa, Bet Dwarka

Kisiwa cha Bet kiko mkabala na Okha, na kwa Wahindu hapa ndipo palipokuwa nyumbani kwa Krishna. Dwarka alitawala, Bet alilala. Hadi juzi watu walivuka kwa mashua. Tarehe 25 Februari 2024 lilifunguliwa daraja, Sudarshan Setu, zaidi ya kilomita mbili, nyaya zake zimetanda kama matanga na aya za Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, zimeandikwa pembeni kwa wanaopita kwa miguu. Ni kazi nzuri. Masi aliipenda kwa sababu ya magoti yake, lakini alipofika katikati alimwomba dereva apunguze mwendo, akashusha kioo, akatoa mkono nje kwenye upepo. Mama mkwe alikuwa amemsimulia habari za mashua.

Desturi ya Bet ni kutoa mchele, na chanzo chake ni hadithi ya Sudama. Alikuwa rafiki wa Krishna tangu chuoni, masikini hohehahe. Mkewe akamsukuma aende kumwona rafiki yake mfalme, lakini hakuna aendaye ugenini mikono mitupu, kwa hiyo akaomba kwa majirani viganja vichache vya mchele uliopondwa, akaufunga kwenye kitambaa kikuukuu. Mbele ya jumba la dhahabu Sudama akaona haya, akakificha kifurushi kwapani. Krishna akamwosha miguu, kisha akakiona. Akakipokonya, akala, akisema hajapata kitu kitamu hivyo. Sudama hakuomba lolote. Aliporudi kwake alikuta kibanda kimekuwa nyumba.

Nje ya hekalu muuzaji alinipa huo mchele nionje. Niliutazama kiganjani, punje bapa, nyepesi.

"Masi! Hii si pepeta?"

Akacheka hadi akashika ukuta. Naam, pepeta, ile tunayotwanga mpunga mchanga ukitoka shambani, tunayokula na nazi na sukari. Masi anasema alikuwa anajua siku zote, ndiyo maana kila msimu wa mpunga mama yangu alipompelekea sahani ya pepeta alikuwa akiipokea kwa mikono miwili na kuiweka kwanza chini ya ile picha. Mama hajui hilo hadi leo. Nitamwambia.

Alinunua vifuko viwili, kimoja cha kutoa, kimoja cha kubariki na kurudi nacho.

Wakazi wengi wa kisiwa hiki ni Waislamu, wavuvi na mabaharia kwa vizazi. Masi akiwa kwenye foleni ya hekalu, mimi nilisali Ijumaa msikitini. Baada ya sala mzee mmoja mwenye ndevu za hina aliniuliza natokea wapi, na nilipotaja Tanga alisema, taratibu kama mtu anayetoa vitu sandukuni, "Nahodha. Tanga. Nazi. Kesho." Alikuwa baharia wa vyombo vya Salaya, bandari iliyo mashariki ya hapa ambako bado wanaunda majahazi makubwa ya mbao, na ujanani alifika Mogadishu na Mombasa. Tulikaa kwenye kivuli tukibadilishana maneno. Nikampa *gari*, *laki*, *pesa*, *dobi*, *bangili*, na kila moja alilidaka akasema hilo ni la kwetu. Nahodha tuligawana, ni la Kiajemi.

Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa mambo ya kale S. R. Rao na wapiga mbizi wa Taasisi ya Taifa ya Bahari ya Goa walichunguza bahari ya Dwarka na Bet. Maandiko yanasema Krishna alipokufa bahari iliufunika mji. Walikuta kuta na nanga za mawe, nyingi sana, zenye matundu ya kupitishia kamba. Kama ndiyo Dwarka ya Krishna, wataalamu bado wanabishana. Zile nanga kwangu zinatosha: watu waliegesha vyombo hapa tangu zamani mno, na aliyeegesha alitoka mahali.

Jumamosi, pembezoni mwa mji

Kilomita mbili hivi kutoka mjini liko hekalu la Rukmini, mke wa Krishna. Peke yake, mbali na mumewe, na ipo sababu. Waliambiwa waivute kwa mabega gari la mtawa Durvasa, mtu mwepesi wa hasira. Njiani Rukmini akashikwa na kiu. Krishna akakandamiza ardhi kwa kidole cha mguu, maji yakatoka, mke akanywa bila kumkaribisha mgeni kwanza. Durvasa akawalaani watengane miaka 12, na nchi hii ikose maji matamu. Kwa hiyo sadaka ya hapa ni maji. Kuta zina tembo, wachezaji na farasi waliochongwa, wengi nyuso zimesagika. Masi alitoa fedha za maji, kisha akabaki akiutazama mlango. "Kwa sababu ya funda moja tu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mke, si ya mhujaji.

Kuna hekalu moja siku hii, silitaji, ambapo mtu alimng'ang'ania Masi atoe zaidi ya alichokusudia, tena mbele ya watu, hadi mkono wake ukaanza kutetemeka kwenye mkoba. Nilimtoa nje. Sadaka ya kulazimishwa inauma kwenye dini yoyote.

Tulipita Nageshwar, penye sanamu kubwa ya mungu Shiva inayoonekana tangu mbali, na Gopi Talav, bwawa ambalo udongo wake wa manjano laini hutumika kuchora alama ya paji la uso. Masi alinunua vipande vitano vya udongo. Kimoja ni cha jirani yetu fundi cherehani, ambaye ni Mkatoliki na ana ugonjwa wa ngozi. Sikumbishia.

Jumapili, kuelekea Porbandar

Barabara ya kusini inafuata bahari karibu yote, kilomita mia hivi. Kwenye mlima mdogo wa Harshad tulisimama. Mungu wa kike wa hapa alikuwa wa mabaharia, na hadithi ni kwamba chombo kilichopita mbele ya macho yake bila kumheshimu kilizama. Tajiri mmoja wa vyombo, Jagdu, akamwomba ashuke kutoka kilele, asiitazame tena bahari. Ndiyo maana hekalu la zamani liko juu, na watu sasa husali la chini. Masi alikaa garini, nikapanda peke yangu. Juu palikuwa na upepo tu, na mbele hakuna kitu hadi Afrika.

Porbandar tulikuwa na saa tatu kabla ya treni. Nyumba aliyozaliwa Gandhi tarehe 2 Oktoba 1869 imeshikana na Kirti Mandir, jengo la kumbukumbu lililogharimiwa na Nanji Kalidas Mehta, mzaliwa wa eneo hili aliyejenga kiwanda cha sukari Lugazi, Uganda. Urefu wake ni futi 79, kwa kuwa Gandhi alifariki akiwa katika mwaka wa 79 wa maisha yake. Mji huu unao pia hekalu la Sudama, maana wanasema ndiko alikotoka na kifurushi chake.

Jua lilipozama tulikuwa ndani ya behewa, Masi kitanda cha chini, miguu juu ya sanduku. Hakuwa amezungumza tangu Kirti Mandir. Akafungua mkoba, akatoa kile kifuko cha pili cha pepeta.

"Si ulisema kinarudi Tanga, Masi?"

"Nusu kinarudi," akasema. "Toa mkono."

Nikatoa wa kulia. Akanimiminia hadi ukajaa.